Kidonda Kimepona, Mbona Alama Haitoki?

Kando ya barabara ya Namanga, pale Noonkopir mjini Kitengela, maduka ya dawa yamepangana bega kwa bega na vibanda vya M-Pesa na vya kukaangia chipsi. Wahudumu wake wanalijua swali moja kwa moyo. Mteja anapandisha suruali hadi gotini, anageuza mguu na kusema: "Daktari, hii ilipona kitambo. Mbona haitoki?"

Mara nyingi anachoonyesha ni kazi ya bodaboda. Noonkopir huendeshwa na pikipiki: wanaowahi zamu kwenye viwanda vya EPZ huko Athi River, wanafunzi watatu juu ya kiti kimoja, mama mwenye gunia la viazi. Bomba la moshi liko upande wa kulia. Abiria akishukia upande huo bila kuangalia, shavu la mguu wake hugusa chuma kwa nukta moja tu, na hiyo inatosha. Lengelenge linatoka, linapasuka, gamba linakauka na kudondoka. Wiki tatu baadaye hapaumi tena, lakini pamebaki doa la mviringo, refu kama kidole, jeusi kuliko mguu wote.

Wengine huja na madoa ya chunusi, vipele vya kunyoa ndevu, mafuta ya mandazi yaliyoruka kutoka kwenye karai, au mahali palipoumwa na mbu pakakunwa mpaka pakatoka damu. Wote wanataka jambo moja: kitu cha kupaka kifute haraka. Hiyo haraka, kama sura hii itakavyoonyesha, imewaharibu watu wengi kuliko madoa yenyewe.

Ngozi inajipaka rangi yenyewe

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya asili inayomfanya mtu awe mweusi, maji ya kunde au mweupe. Mkulima wa Isinya na mvuvi wa Norwe wana idadi ya seli hizo inayokaribiana. Tofauti ni bidii ya kazi. Za mtu mweusi hutengeneza melanini nyingi zaidi, huifunga katika vifuko vikubwa zaidi, na kuwagawia majirani zake ili iwakinge na jua.

Sehemu ikiungua au ikichubuka, mwili hukimbiza damu na seli za ulinzi hapo. Panavimba, panakuwa na joto, panauma. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni. Kemikali zinazomwagwa wakati huo huziamsha pia seli za melanini, nazo huongeza uzalishaji. Kidonda kinafunga, lakini rangi iliyokwisha kutengenezwa haina pa kwenda kwa haraka.

Kwa hiyo doa jeusi si uchafu, wala si sumu iliyobaki ndani, wala si dalili kwamba kidonda hakikupona vizuri. Kulisugua kwa jiwe la miguu ni kuijeruhi ngozi upya, na ngozi iliyojeruhiwa itajibu kwa njia ile ile inayoijua: rangi zaidi.

Kinachoamua muda wa kusubiri ni mahali rangi ilipotua. Ikiwa imebaki katika tabaka la juu, ambalo hujibadilisha kila baada ya mwezi mmoja hivi au zaidi kidogo, itaondoka polepole kadiri seli za zamani zinavyopukutika. Lakini jeraha kali hubomoa sakafu ya tabaka hilo, na melanini hudondokea tabaka la chini. Huko humezwa na seli za usafi ambazo hukaa nayo kwa muda mrefu sana. Chale ya wino hudumu maisha kwa sababu hiyo hiyo: wino wake umewekwa kwenye tabaka la chini, ambako hakuna kupukutika.

Kuisoma alama kabla ya kuipaka chochote

Daktari wa ngozi huanza kwa maswali. Palitokea nini, lini, na kabla ya hapo palikuwaje? Ni dawa gani imeshapakwa? Kisha hugusa. Mtu anaweza kufanya hivyo nyumbani: afumbe macho na kupitisha kidole juu ya alama. Kidole kisipohisi mpaka wowote, hilo ni doa, yaani suala la rangi tu. Kikikuta mwinuko, shimo au ugumu, ni kovu, maana nyama yenyewe imeunganishwa upya, na hakuna krimu ya madoa itakayolisawazisha.

Baada ya hapo rangi yenyewe hueleza mengi:

- Kahawia au nyeusi yenye ukahawia: melanini iko juu. Huchukua miezi, wakati mwingine mwaka, kufifia.
- Kijivu au kijivu chenye samawati: melanini imezama. Inaweza kudumu miaka.
- Kahawia ya kutu, hasa kuzunguka vifundo vya miguu: hapo si melanini peke yake. Damu ilivuja na kuacha madini ya chuma ndani ya ngozi. Mtu wa namna hii achunguzwe mishipa ya miguu.
- Zambarau, kisha kijani, kisha manjano: damu iliyovilia, nayo hujiondokea.
- Nyeupe au iliyopauka: melanini imepungua au imekwisha.

Kliniki nyingine hutumia taa ya Wood, taa ndogo ya miali ya urujuanimno inayowashwa katika chumba chenye giza. Doa la juu hukolea chini ya taa hiyo, na lililozama halibadiliki sana. Kwenye ngozi nyeusi sana taa hiyo hubahatisha, na daktari mzoefu huamini zaidi macho yake karibu na dirisha.

Kwa ufupi: doa na kovu hutibiwa tofauti, na doa la juu halilingani na lililozama. Anayeuziwa krimu bila kuulizwa swali hata moja ameuziwa bahati nasibu.

Alama iliyopauka

Wakati mwingine ngozi hufanya kinyume. Badala ya kuwa nyeusi, inabaki na baka jeupe au la waridi. Hutokea baada ya kuungua vibaya, au baada ya kuchomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza inflamesheni ambayo mara nyingi hudungwa kwenye makovu yaliyovimba.

Hapa kuna jambo linalofaa kutazamwa kwa karibu. Moto ukiua seli za melanini za juu, akiba yake huwa imejificha ndani ya vinyweleo, kwenye mashina ya nywele. Miezi michache baadaye, anayetazama kwa makini ataona vitone vidogo vya kahawia vikichomoza ndani ya baka, kila kimoja kikizunguka unywele wake. Vitone hupanuka, hugusana, na baka hufunikwa kutokea ndani. Vikionekana, daktari hufurahi. Visipoonekana baada ya muda mrefu, na ngozi ikiwa laini ya kung'aa bila unywele hata mmoja, basi moto ulifika chini ya vinyweleo na rangi haitarudi yenyewe. Baadhi ya wazee wa Kimaasai katika kaunti ya Kajiado wana duara ndogo shavuni waliyochomwa utotoni. Wamezeeka nayo, kwa kuwa moto ule ulikusudiwa ufike chini.

Si kila baka jeupe linatokana na jeraha, hata kama mwenyewe anaapa kwamba alijigonga hapo. Vitiligo, ugonjwa unaofanya mwili uzishambulie seli zake za melanini, hupenda kutokeza mahali palipochubuliwa. Mjerumani Heinrich Köbner alieleza tabia hiyo ya magonjwa kufuata mikwaruzo katika karne ya 19, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Upo pia ukoma. Umepungua sana nchini Kenya lakini haujatoweka. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine: mgonjwa anafumba macho, na mhudumu anagusa baka kwa ncha ya pamba. Asiposikia pamba, hilo halingoji. Ukoma unatibika kabisa kwa vidonge, na ukiwahiwa hauachi kilema.

Damu iliyovilia na fomu ya P3

Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka kwenye pikipiki anaweza asiwe na kidonda chochote, lakini mishipa midogo imepasuka chini ya ngozi. Damu iliyomwagika huanza ikiwa nyekundu au zambarau. Mwili unapoivunjavunja, hupita kijani, manjano, na mwisho kahawia. Wiki mbili hivi kwa kawaida hutosha kusafisha.

Vitabu vingi vya udaktari vimejaa picha za ngozi nyeupe, ambako hatua hizo huonekana waziwazi. Kwenye ngozi nyeusi melanini huzifunika. Mwanamke aliyepigwa usiku anaweza kusimama mbele ya mhudumu asubuhi na aambiwe kwamba haonekani kuwa na kitu.

Nchini Kenya jambo hilo lina uzito wa kisheria. Aliyeshambuliwa hupewa na polisi fomu ya P3, na mtaalamu wa afya hujaza alichokiona: aina ya jeraha, kiwango cha madhara, na makadirio ya umri wa jeraha hilo. Kisichoandikwa pale ni vigumu kukiingiza mahakamani baadaye. Sehemu ya umri nayo ni mtego. Utafiti wa picha uliochapishwa mwaka 1991 haukuona manjano kabla ya saa 18 kupita, lakini zaidi ya hapo rangi haisemi siku, wala macho ya madaktari wawili hayakubaliani daima. Mhudumu anayeandika "siku tatu" kwa kutazama tu anakisia.

Lipo la kufanya, na mengi hayana gharama. Mgonjwa achunguzwe kwenye mwanga wa mchana. Sehemu inayouma ishikwe: ina joto, imevimba, imekuwa ngumu kuliko upande wa pili? Picha ipigwe rula ikiwa kando. Kisha arudi baada ya siku moja au mbili, kwa kuwa damu iliyovilia ndani huchelewa kupanda juu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, waliripoti kwamba mwanga wa zambarau ukitazamwa kupitia miwani ya manjano ulifichua alama za kuvilia damu mara 5 zaidi ya mwanga wa kawaida, kwa watu wa rangi zote za ngozi. Vifaa hivyo si vya ajabu. Vingefaa kuwekwa hospitali yoyote inayojaza P3 kila siku.

Tiba huanza siku ya jeraha

Dawa bora ya doa la bomba la moshi hupatikana dakika ile ile ya kuungua: maji ya kawaida, ya baridi lakini si barafu, kwa dakika 20. Maji hupunguza kina cha jeraha, na kina ndicho kinachoamua rangi itatua wapi. Hata yakichelewa hadi saa tatu baada ya kuungua bado yana faida.

Mkazi wa Kitengela anayenunua maji ya mkokoteni atauliza dakika 20 za maji zitatoka wapi. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha. Yakimiminwa kwa kikombe taratibu, lita moja kwa dakika, yanafika. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya kupikia hufungia joto ndani au huleta vijidudu, na nesi atalazimika kuvikwangua huku mgonjwa akilia.

Kidonda kikisafishwa, kipakwe mafuta ya mgando kama Vaseline na kufunikwa. Gamba lisibanduliwe. Muwasho wa kupona utulizwe, usikunwe.

Halafu linakuja suala ambalo watu weusi wengi hulicheka: jua. Ni kweli melanini inakinga, lakini seli zilizokwisha kuamshwa na jeraha huchochewa zaidi na jua, na Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, kwenye mbuga isiyo na miti ya kutosha. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hata mwanga unaoonekana kwa macho, usio miali ya urujuanimno, huifanya ngozi nyeusi ikolee, na ikolee kwa muda mrefu. Losheni nyingi za jua hazizuii mwanga huo. Zile zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksaidi ya chuma, huuzuia. Asiyeweza kuzinunua ana suruali ndefu, soksi au leso, na kwa doa la mguuni hizo hufanya kazi vizuri kabisa.

Dawa zenyewe zipo. Tretinoini, iliyotokana na vitamini A, huharakisha ngozi kujibadilisha. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa watu weusi 54 wenye madoa yaliyotokana na inflamesheni, kwa wiki 40. Ilifanya kazi kuliko krimu tupu, ingawa wengi waliwashwa na kubabuka, na hata miongoni mwa waliopaka krimu tupu wapo ambao madoa yao yalipungua. Wiki 40 ni zaidi ya miezi tisa. Anayeahidi siku saba hauzi dawa hiyo. Mjamzito asiiguse.

Asidi ya azelaiki na niasinamaidi ni laini zaidi na zinafaa kwa madoa ya chunusi, mradi chunusi zenyewe zitibiwe kwanza. Haidrokwinoni, dawa inayozuia utengenezaji wa melanini, ina nguvu, lakini hutolewa na daktari kwa miezi michache, tena juu ya doa peke yake. Kwa doa lililozama, krimu hizi zote husaidia kidogo, na mionzi ya leza ikitumiwa na mtu asiyezoea ngozi nyeusi huacha madoa mapya.

Limau linastahili onyo lake. Maji yake yakipakwa kisha mtu akatoka juani, kemikali zilizomo hubadilika na kuunguza ngozi. Aliyekuwa na doa moja anarudi na matatu.

Krimu za siku saba

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa katika jarida la udaktari la Uingereza. Walikuwa na wagonjwa 60, watu wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivuja protini. Zaidi ya nusu walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huzuia melanini, ndiyo, lakini hupenya ngozi na kwenda figoni. Baadhi yao walipona kwa kuacha krimu tu. Hilo lilitokea hapa hapa, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Noonkopir.

Haidrokwinoni nayo ina ukoo wenye kisa. Mwaka 1939 iliripotiwa kwamba wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi za wanyama huko Marekani walipata mabaka meupe mikononi, mpaka pale glavu zao zilipoishia. Mpira wa glavu ulikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni. Ajali ya kiwandani ikawazindua watengenezaji wa vipodozi, na baadaye bidhaa za jamii hiyo zikawa madukani.

Afrika Kusini ililipa gharama. Mwaka 1975 daktari George Findlay alieleza wanawake waliotumia krimu hizo muda mrefu na kupata okronosisi, yaani weusi wa samawati wenye chembechembe ngumu usoni, mbaya kuliko madoa waliyokuwa wakiyakimbia, na karibu usiotibika. Mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi. Kenya pia, kupitia Shirika la Viwango, KEBS, imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Bado vinapatikana. Hupimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na maandishi, huitwa "mchanganyiko", na anayeuza humwambia mteja apake mwili mzima ili rangi "ilingane".

Steroidi ndiyo mjanja zaidi kati ya hizo. Wiki ya kwanza doa hupungua kweli, na mteja humsifu muuzaji kwa jirani zake. Miezi michache baadaye ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi imetokea, na akiacha, uso unawaka moto. Aliyefika hapo asiache peke yake kwa ghafla. Amwone daktari na aende na kopo lile lile.

Kwa ufupi: krimu isiyo na orodha ya viambato, isiyo na jina la mtengenezaji, au inayoahidi siku badala ya miezi, ibaki dukani.

Alama ambayo jeraha halihusiki nayo

Mwaka 1977 mwanamuziki wa reggae Bob Marley alikuwa na tatizo la kidole cha mguu, na wengi walilihusisha na kuumia mpirani. Chini ya ukucha palikuwa na melanoma, saratani ya seli zile zile za melanini, ya aina inayotokea viganjani, kwenye nyayo na chini ya kucha, na ndiyo aina inayowapata zaidi watu weusi wanaougua melanoma. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Wachezaji wa viwanja vya vumbi vya Kajiado hukanyagwa vidole kila Jumamosi, na karibu weusi wote chini ya kucha zao ni damu tu. Njia ya kutofautisha inahitaji subira na simu yenye kamera. Damu husafiri pamoja na ukucha. Kila mwezi itaonekana imesogea mbele, na nyuma yake ukucha safi unachomoza. Ukucha wa mkono hujibadilisha wote kwa miezi 6 hivi, na ule wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Picha ipigwe leo, na nyingine baada ya wiki nne.

Weusi ukibaki palepale huku ukucha ukisonga, ukiwa ni mstari unaopanuka, au rangi ikivuka na kuingia kwenye ngozi iliyo nyuma ya ukucha, duka la dawa halina kazi tena hapo. Vivyo hivyo kwa doa la unyayoni linalokua, na kidonda cha zamani cha moto ambacho baada ya miaka kinaanza kuchimbika na kutoa damu. Mgonjwa aanzie hospitali ya Kitengela na aombe rufaa ya kliniki ya ngozi, kama ile ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Huko watatia ganzi, wakate kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara.